Noah, NV200 au TownAce: gari dogo la kulala watu wawili safari za mikoani

Kibuyu cha Njia

Wakuu, heshima kwenu.

Natafuta gari dogo la kazi, Dar hadi Iringa, Njombe na Mbeya, kupeleka na kufunga vifaa vya umwagiliaji wa matone. Tunakuwa wawili, na siku kadhaa za wiki tunataka kulala humohumo badala ya gesti. Mrefu kati yetu ana sentimita 178. Mzigo ni kama kilo 200: mipira ya maji, viunganishi, pampu ndogo. Mchana mzigo upande, usiku ukae chini ya kitanda.

Orodha imebaki na Toyota Noah ya zamani (SR40), Nissan NV200, Toyota TownAce ya S402, na Suzuki Every kwa sababu ya mafuta. Naomba ushauri: lipi kati ya hayo, kitanda kijengwe vipi, umeme wa taa, feni na laptopu, na namna ya kuishi na joto la Dar bila kuganda Njombe mwezi wa saba. Sitaki kutoboa bati la juu.

Spana Kumi

Mkuu, nenda yadi na futi kamba kabla ya kubishana majina.

Sogeza viti vya mbele pale dereva anapokaa kweli, siyo mbele kabisa, halafu pima kutoka mgongo wa kiti hadi mlango wa nyuma ukiwa umefungwa. Pima kwenye usawa ambao godoro litakaa, siyo sakafuni, maana mlango wa nyuma umelala kuelekea ndani na mgongo wa kiti nao umelala kuelekea nyuma. Gari linalosoma mita 2 chini linaweza kusoma 1.85 pale juu. Mtu wa 178 anataka 190, kwa sababu ukilala miguu inanyooka na mto unakula nafasi yake. Kisha pima upana kati ya matuta ya matairi ya nyuma. Mwisho kimo: kwa urefu wako, ili ukae wima bila kuinamisha shingo, zinahitajika karibu sentimita 95 kutoka juu ya godoro hadi dari.

Every itoe. Ni gari zuri kwa mtu mmoja mwenye begi. Injini ni sisi 660, uzito wa mzigo unaoruhusiwa ni kilo 350, matairi ya inchi 12. Weka kilo zako 200, kitanda, maji, betri, mitungi na nguo, umekaribia kikomo, na mlima wa Kitonga utaupanda kwa gia ya kwanza huku malori yanakupigia honi.

SR40 ina injini ya 3S-FE ya lita 2, inasukuma kwa nyuma, na hakuna gereji ya barabarani isiyoijua. Lakini ilitengenezwa 1996 hadi 2001, kwa hiyo hata iliyo changa ina zaidi ya miaka 20: mipira ya milango imekakamaa na sakafu chini ya kapeti inaweza kuwa na kutu. Injini iko chini ya viti vya mbele, na ukisimama jioni baada ya safari ndefu, joto lake linaendelea kupanda ndani kwa saa moja au mbili. Angalia pia usiuziwe CR40, hiyo ni dizeli ya 3C-T, silinda hedi yake haisamehe ikichemsha hata mara moja. Na muuzaji akikushawishi upande AZR60, Noah iliyofuata, kwa sababu ni mpya zaidi, ujue ile ni 1AZ-FSE, D4, yaani petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda: inachagua mafuta, pampu yake ya presha ni ghali, na nyuzi za bolti za hedi kwenye bloku hung'oka.

TownAce S402 ina 3SZ-VE ya 1.5, inasukuma kwa nyuma, sakafu imenyooka na ya viti viwili ina mita 2 na kidogo. Injini nayo iko chini ya viti. NV200 ina HR16DE ya 1.6, injini iko mbele kabisa, inavuta kwa mbele, nyuma ina springi za majani. Sakafu iko chini sana, kupakia pampu ni raha, ila tumbo linagusa kwenye barabara za mashambani zenye makorongo.

Ningechukua NV200 kama robo tatu ya njia zako ni lami. Kama mnaingia mashambani masika, TownAce. Vyovyote iwavyo, kabla ya kulipa mtu mmoja ajifungie ndani na tochi, mwingine amwagie maji juu ya paa na kwenye maungio ya vioo dakika 10. Gari linalovuja halifai kulalwa.

Mwana Tandale

Spana Kumi umeinyima Noah haki yake. Gari la mizigo lina bati tupu ubavuni, halina kitambaa wala sponji, na mara nyingi vioo vya nyuma havifunguki au hakuna kabisa. Noah ina dari lililovalishwa, vioo vya nyuma vya kufungua, AC inayofika nyuma, na kwa nje linaonekana gari la familia, halivutii wezi wa mizigo. Ukitaka kulala, hayo yanazidi sentimita tano za sakafu.

Spana Kumi

Hoja ya vioo nakubali. Lakini huyu ana kilo 200 za bidhaa kila wiki, na reli za viti vya Noah sakafuni zitamsumbua kila akisukuma boksi. Akizing'oa ana gari la mizigo lenye umri mkubwa.

Randa na Msasa

Nizungumzie kitanda, nikichukulia NV200. Kwa TownAce hesabu inakaribiana, pima upya tu.

Kimo cha ndani ni karibu sentimita 132. Toa 95 za kukaa, zimebaki 37 za kila kitu. Godoro la inchi 3 linachukua 8, chaga 2, bomba la fremu 2.5. Chini zinabaki sentimita 24 na nusu za mzigo. Hapo dumu la lita 20 halisimami, na ukililaza kifuniko kitavuja, kwa hiyo maji yabebwe kwenye madumu ya lita 10 mafupi. Boksi za vifaa nazo nunua zenye kimo cha 22. Watu hujenga kitanda cha sentimita 50 ili mzigo uenee, halafu wanakula chakula cha jioni wameinama kama popo.

Usifunike yote kwa marini bodi. Bodi ya milimita 18 kwa eneo la 120 kwa 190 inafika kilo 25 peke yake, na haipumui: jasho na mvuke wa watu wawili unashuka kwenye godoro, unakutana na ubao wa baridi, na baada ya wiki chache za Njombe upande wa chini una ukungu mweusi. Tumia chaga, kama kitanda cha nyumbani. Mbao za paini 1x3, zikipigwa randa zinabaki kama milimita 20 kwa 70. Kata vipande 16 vya sentimita 120 na kuacha nafasi ya sentimita 5 kati yake. Upana wa 120 ni mrefu kwa chaga ya unene huo, zitacheza na kupasuka katikati, kwa hiyo lazima pawe na bomba la tatu linalopita katikati kwa urefu.

Fremu: skwea paipu 25 kwa 25, geji 16, inayopimwa kilo 1.1 kwa mita. Mabomba matatu ya urefu, manne ya kukatiza na miguu tisa yanakula karibu mita 13, nunua mapande matatu ya mita 6. Kila mguu uwekewe kisahani cha sentimita 5 kwa 5 chini, vinginevyo unatoboa sakafu polepole. Chomelea nje ya gari. Fundi akisema achomelee humo humo kwa haraka, kataa. Cheche zinaunguza kapeti na vioo, na umeme wa mashine unaweza kuua kompyuta ya gari. Piga rangi ya redoksaidi kwanza, kisha rangi ya kawaida, hasa ndani ya ncha za mabomba.

Kufunga kwenye sakafu, tumia matundu ya bolti za viti au pete za kufungia mzigo zilizopo. Usitoboe matundu mapya bila kulala chini ya gari kwanza: tenki la mafuta, mabomba ya breki na nyaya viko hapo. Bolti za viti za magari ya Kijapani mara nyingi ni M10 (unene milimita 10) yenye uzi wa 1.25, yaani milimita 1.25 kutoka jino hadi jino. M10 ya kawaida ya dukani ni uzi wa 1.5. Itaingia mizunguko miwili, itakaza, fundi ataongeza spana ndefu, na nati iliyochomelewa chini ya sakafu imekwisha. Tunza bolti zilizotoka na kiti, au beba moja dukani kama sampuli.

Gawanya kitanda vipande vitatu vya sentimita 63. Viwili vya nyuma vikae kudumu, cha mbele kinyanyuke na kuegemea, ili mchana mipira mirefu ipite na jioni muwe na mahali pa kushusha miguu. Godoro nalo likatwe vivyo hivyo, kisu kirefu chenye makali na rula ya chuma, ukipitisha kidogo kidogo bila kubonyeza sponji. Kati ya chaga na bomba weka ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Bila huo, kila mkigeuka kitanda kinalia, na njia nzima ya vumbi kinalia.

Jambo moja watu hulisahau: mlango wa nyuma wa magari haya mara nyingi hauna mkono wa kufungulia kwa ndani. Fungua kava la plastiki la ndani ya mlango, utaona komeo na fimbo yake nyembamba. Funga kamba ngumu kwenye mkono wa komeo, itoe kwenye tundu la kava, vuta ujaribu mara nyingi mlango ukiwa wazi kabla ya kujaribu umejifungia. Na kwenye milango ya pembeni hakikisha kitufe cha kufuli ya watoto kimezimwa.

Kibuyu cha Njia

Shukrani sana. Nimeandika yote. Swali la umeme: nikiweka inverta ndogo (ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) kwenye betri ya gari lenyewe itafaa? Na mvua ikinyesha, jiko la gesi dogo ndani, milango wazi kidogo, kuna shida?

Ampia Nne

Betri ya kuwashia gari iache ifanye kazi yake. Imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache. Ukiishusha hadi nusu kila usiku, sahani zake zinakufa ndani ya miezi, na siku ya kwanza utakayoijua ni alfajiri usiyo na mtu wa kukusukuma. NV200 ya otomatiki hata kusukumwa haiwaki.

Piga hesabu kwanza. Taa ya LED ya wati 5 kwa saa 4 ni wati-saa 20. Feni ya inchi tano ya wati 3 usiku mzima, saa 8, ni 24. Simu mbili, 30. Laptopu, 60. Jumla wati-saa 134, karibu ampia-saa 11 za volti 12. Betri ya lithiamu (LiFePO4) ya ampia-saa 50 ina wati-saa 640, ukitumia asilimia 80 una siku tatu na ziada bila jua. Ukipenda betri ya risasi, chukua ya ampia-saa 100 ya kutolea polepole na usipite nusu. Utapata kiasi kilekile kwa uzito wa kilo 28 hivi badala ya 6 au 7. Kwa gari lenye mzigo wako, tofauti hiyo ni boksi zima la viunganishi. Friji ni habari nyingine. Kafriji ka lita 40 kwenye joto la Morogoro kanaweza kula wati-saa 400 hadi 500 kwa siku, kwa hiyo kama hamna chanjo za mifugo za kubeba, achaneni nako.

Kuchaji: kifaa cha DC-DC cha ampia 20, chaja inayodhibiti umeme unaotoka kwenye betri ya gari kwenda ya pili. Usiunganishe lithiamu moja kwa moja na betri ya mbele kwa rilei tupu. Ikiwa tupu inavuta umeme bila breki na altaneta (jenereta ya gari) inapata moto hadi diodi zinaungua, hasa mnapopanda mlima polepole na hewa haipiti. Kwa ampia 20, saa moja na nusu hadi mbili barabarani inarudisha zaidi ya matumizi ya usiku mmoja. Kwa safari zenu paneli ya sola si lazima. Mkiitaka, ya wati 100 iliyolala juu ya keria, jua zuri, hurudisha kama ampia-saa 25 kwa siku. Acheni upenyo wa sentimita 2 au 3 chini yake, kwani ikipata joto inapunguza nguvu.

Waya: umbali wa mita 4 kwenda na 4 kurudi, ampia 20, tumia milimita za mraba 10. Unapoteza volti 0.3 hivi. Angalia usipewe waya wa aluminiamu iliyopakwa shaba: kwangua nyuzi moja kwa wembe, ikitokea rangi ya fedha ndani, mrudishie. Fyuzi ya ampia 30 iwe ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri, na ziwe mbili, moja kila betri, kwa sababu waya ukichubuka katikati, umeme unakuja kutoka pande zote mbili. Waya unapopita kwenye bati, lazima kuwe na mpira wa kuzuia kuchubuka. Nyaya za aina hii huungua hapo hapo kwenye tundu la bati.

Laptopu ichajiwe kwa chaja ya volti 12 ya USB-C kama inakubali. Inverta inakula umeme hata ikiwa haina kazi.

Neti Nyeusi

Kwenye jiko: usipike ndani. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni chini ya kitanda, na milango "wazi kidogo" haiitoi. Pikeni nje chini ya mlango wa nyuma ulioinuliwa, huo ni paa tosha kwa mvua ya kawaida. Mkaa ndiyo kabisa. Makaa yaliyoacha kutoa moshi bado yanatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, na aliyelala haamki. Kwa baridi ya Njombe blanketi mbili nzito na soksi, si jiko lililoingizwa "lipashe kidogo". Vilevile msilale injini ikiwa inaunguruma kwa ajili ya AC. Mafla iliyotoboka chini ya sakafu inatosha. Kengele ya kaboni monoksaidi ya betri ndogo ifungwe usawa wa vichwa.

Hewa. Watu wawili wakilala hutoa kwa pumzi na jasho nusu lita ya maji hivi au zaidi. Ukifunga kila kitu, asubuhi vioo vinatiririka na bati linatiririka nyuma ya kava usikokuona, kutu inaanzia hapo. Hata kwenye baridi acheni upenyo sehemu mbili, moja mbele na moja nyuma, sentimita 2 zinatosha. Joto la Dar, fungueni zaidi na feni iwekwe kutoa hewa nje upande wa juu, siyo kuwapulizia. Hewa ya nje itaingia yenyewe upande wa pili. Kwenye vioo vya mbele fungeni vizuizi vya mvua vya plastiki juu ya dirisha, vioo vinashuka sentimita 3 na mvua haiingii wala mtu wa nje haoni kwamba pako wazi.

Neti: ile nyeusi ya madirisha ya nyumba, ikatwe kubwa kuliko dirisha sentimita 5 kila upande, pindo lishonewe vipande vya sumaku kila baada ya sentimita 10. Jaribuni sumaku kwanza, kingo za plastiki hazishiki. Kwa milango ya mbele ni rahisi zaidi kushona neti kama foronya, inavishwa mlango mzima kutoka juu, mnafunga mlango, mnashusha kioo.

Vioo vifunikwe kwa foili yenye sponji, ile inayowekwa chini ya mabati ya nyumba. Kata kwa kiolezo cha gazeti, ongeza sentimita 1 pande zote ikae kwa kubana. Upande unaong'aa uangalie nje. Na kumbukeni jua la asubuhi: egesheni magharibi mwa mti, kivuli kitakuwa juu yenu hadi saa tatu. Siyo chini ya mnazi. Wala juu ya nyasi kavu, mafla ya moto inawasha.

Kibuyu cha Njia

NV200 niliyoiona yadi vioo vya ubavuni vyote havifunguki. Vya mbele tu. Feni itatoa hewa wapi kama sitoboi paa?

Randa na Msasa

Mlango wa nyuma. Tengeneza kipande cha chuma bapa cha unene wa milimita 5, urefu sentimita 10 hivi: upande mmoja kiwe na kijiti cha chuma kinachofanana na kile ambacho komeo linakamata kwenye bodi, upande mwingine ndoano au tundu la kufungwa kwenye kile cha bodi. Mlango unajifunga kwenye kijiti hicho, unabaki wazi sentimita 4 au 5, na bado umefungwa kwa funguo. Upenyo huo ndio wa kuzibwa na neti, na feni inakaa kwenye kibao chembamba pembeni. Kitolewe kabla ya kuondoka: gari likitembea na mlango umeachama, moshi wa mafla unavutwa ndani. Kifungie utepe mwekundu mrefu unaoning'inia hadi kwenye usukani.

Spana Kumi

Na ukinunua, kaza bei kwa sababu ya vioo hivyo. Kuhusu karatasi: kitanda cha kufunga kwa bolti zilizopo na viti vikarudi unaweza kukitoa muda wowote. Ukiamua kung'oa viti moja kwa moja au kuongeza dirisha, kawaulize TRA (mamlaka ya mapato) na bima yako kwanza, maana kadi ya gari imeandikwa idadi ya viti na aina ya bodi, na siku ya ajali ndiyo siku watakayoisoma. Uzito mzito, betri na maji, uwe juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake, umegawanywa kushoto na kulia, umefungwa kwa mikanda ya kukaza. Upepo wa matairi ya nyuma usome kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, safu ya gari lenye mzigo.